Hati Ninayo, Ploti Imo Ziwani

Msomaji mpendwa, ikiwa una akiba kidogo na unawaza kununua ploti kule Nyanza Kusini, hebu keti tuzungumze. Mimi nina hati miliki safi kabisa, nimeihifadhi kabatini ndani ya bahasha ya kaki. Ploti yenyewe imo ndani ya Ziwa Victoria.

Mapema mwaka wa 2019 mimi na mama watoto tuliamua kujenga vyumba vya kukodisha. Yeye ndiye aliyekuwa na hisa nyingi katika chama cha ushirika, kwa hivyo mkopo ulitoka kwa jina lake.

Tulianzia Migori. Broka alitupeleka Nyatike, karibu na Macalder, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za wakoloni. Bei ilikuwa ya kutupa. "Huenda mkichimba msingi mkapata dhahabu," alisema akicheka. Mama watoto hakucheka. Alikuwa ameona mashimo yaliyoachwa wazi, na vidimbwi vya wachimbaji wanaotumia zebaki, sumu ambayo haiondoki majini kwa kuchemsha. Isitoshe, Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini yaliyo chini ya shamba lako ni mali ya taifa. Tukaondoka.

Homa Bay ilituteka. Ilikuwa Februari, upepo mwanana, ploti ikiteremka polepole hadi majini. Ofisi ya ardhi ilithibitisha kuwa muuzaji ndiye mwenye shamba. Mama watoto alipokwenda kutafuta chai, ajuza mmoja aliyekuwa akianika omena aliniita. "Mwanangu, unajenga hapa? Wakati wa Uhuru maji yalifika kwenye mti ule." Mti wenyewe ulikuwa nyuma yetu, ng'ambo ya barabara! Nilimshukuru kwa heshima, nikajiambia ni hadithi za wazee. Mama watoto aliporudi sikumwambia.

Kumbe ajuza alisema kweli tupu. Ziwa lilipanda kati ya 1961 na 1964, na kiwango cha 1964 kilikaa miaka 56 bila kupitwa. Mei 2020 kilipitwa, maji yakafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda. Kuta zangu zilikuwa zimefika kiunoni. Zilizama zote.

Je, sheria haikuwapo? Ilikuwapo. Sheria ya Mazingira ya 1999 inataka miradi iliyoorodheshwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya NEMA kabla ya jembe la kwanza. Broka aliniambia hayo ni mambo ya wenye mahoteli, nami nikafurahi kuambiwa hivyo, maana mtaalamu hulipwa. Huyo mtaalamu ndiye angeuliza maji yaliwahi kufika wapi. Kanuni za maji za 2007 zilipima ukanda wa kando ya ziwa kuanzia kiwango cha juu kabisa kilichowahi kurekodiwa, si pale maji yalipo siku broka anapokutembeza! Tena Katiba ya 2010 inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, basi sijui sasa niiite ploti yangu nini.

Na wewe wa Nairobi usinicheke. Agosti 2018 jumba la Southend, Barabara ya Lang'ata, lilibomolewa kwa kukalia ukingo wa mto. Nilitazama kwenye runinga nikitikisa kichwa. Miezi sita baadaye nikanunua ufuo.

Makato ya mkopo yalitoka kwenye mshahara wa mama watoto kwa miezi 48. Hakuwahi kunitupia neno. Ila kila Desemba, tukienda kwao Rongo, huomba tupitie Homa Bay anunue omena. Mara ya mwisho alizungumza na yule ajuza kwa Kijaluo muda mrefu, mimi nikisubiri garini. Aliporudi aliweka mfuko miguuni, akafunga mlango.

"Baba watoto, huyu mama anasema alikuonya. Ni kweli?"