Mizani Nane kwa Nane

Ugomvi wa washairi wetu juu ya vina na mizani umekwisha kuota mvi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, sisi wengine tulikuwa watoto wa kubebwa, lakini mwangwi wake tuliukuta redioni na magazetini tulipopata akili, na hata leo barazani hakosekani mtu wa kuuchokoza upya. Katika ugomvi huo nimesikia kila upande ukiitaja Ulaya. Wanaotetea shairi huru husema dunia imekwisha kuacha kuhesabu, tazameni Wazungu. Wanaotetea mapokeo hujibu kwamba hayo ndiyo ya Kizungu hasa, wala si yetu. Wanapingana katika kila kitu, ila kuna jambo moja ambalo wameafikiana bila ya kujijua: kwamba ushairi wa Ulaya hauna mizani.

Ulaya hiyo wanayoitaja ni Uingereza, na Uingereza yenyewe ni ile ya vitabu vya shule. Kiingereza, katika mashairi yake ya kale, husikiliza mkazo: silabi nzito na silabi nyepesi zikipishana kama makasia. Sikio la Mswahili, lililozoea kuipa kila silabi haki yake sawasawa, hufika hapo likakosa cha kushika, na mwenye sikio hilo akarudi nyumbani na habari kwamba Wazungu hawahesabu. Mengi ya Ulaya na ya kwingineko tumeyapata kwa kupitia mlango huo mmoja. Hata Omar Khayyam, Mwajemi, jirani yetu wa bahari hii hii, alitufikia kwa mkono wa Shaaban Robert mwaka 1952 akitokea katika Kiingereza cha FitzGerald cha mwaka 1859. Simlaumu Shaaban Robert hata chembe. Alifungua mlango uliokuwapo. Lakini nyumba ile ina milango mingine.

Mimi lugha hizi sikuzisomea mahali popote penye kutoa cheti. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na wageni wetu wengi walikuwa Wataliani. Kitaliani nilikipata kama vijana wote wa ufukweni walivyokipata, kwa sikio na kwa haja. Tofauti yangu na wenzangu ilikuwa vitabu vilivyosahauliwa vyumbani. Vingi vilikuwa riwaya za kupitishia jua, lakini siku moja kikapatikana kitabu cha shule, sehemu ya kwanza ya utungo mkubwa wa Dante, kimejaa maelezo ya chini. Maneno sikuyaelewa hata robo. Nikafanya nililojua kufanya: nikahesabu kwa vidole. Kumi na moja. Mshororo wa pili, kumi na moja. Wa tatu ulinipa kumi na mbili, nikadhani Dante amepotea, mpaka maelezo yaliponijulisha kwamba irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno lifuatalo, wenzetu huzihesabu pamoja kuwa mizani moja. Kwetu «mwana akaona» ni mizani sita. Kwao ingekuwa tano. Utungo ule mzima una mishororo 14,233, na kwa kanuni hiyo imepimwa kwa kumi na moja toka mwanzo hadi mwisho.

Kihispania kilinijia baadaye, kwa njia ya daktari wa Kikuba aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Visiwa vyetu vimewapokea madaktari wa Kuba kwa miaka mingi, na wengi wetu tunawajua kwa dawa tu. Huyu alikuwa mwana wa shamba, na kwao shamba wako watu wanaokaa wawili wawili na gitaa wakajibizana kwa mashairi papo hapo, mmoja akimfunga mwenzake, mwenzake akimfungua. Wanatumia ubeti wa mishororo kumi, kila mshororo mizani nane, na vina vyake vina mpango usiovunjwa. Huitwa kwa jina la Vicente Espinel, Mhispania aliyechapisha beti za namna hiyo mwaka 1591. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza muziki huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Wakati mwingine msikilizaji huwatupia mshororo mmoja, nao walazimike kutunga ubeti utakaoishia hapo. Nilipomweleza daktari juu ya Muyaka wa Mombasa na mafumbo waliyotupiana na watu wa Lamu, aliniuliza, «Mliyapata kwetu au sisi tuliyapata kwenu?» Nikamjibu kwamba pengine wote wawili tulikuwa na vidole kumi.

Hapo ndipo nilipoijua ile tungo wanayoiita romance. Ni shairi la hadithi, limeimbwa Hispania tangu zama za kati. Vitabu vingi huliandika kwa mishororo mifupi ya mizani nane nane. Lakini Ramón Menéndez Pidal, bingwa wao wa elimu hii, alishikilia kwamba mshororo kamili una mizani 16, umekatwa katikati, nane huku na nane huku, na kina hukaa mwisho wa nusu ya pili. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Ukwapi mizani nane, utao mizani nane. Shairi letu la kila siku, lile la magazetini na la harusini, limesimama juu ya kipimo hicho hicho.

Sisemi kwamba mmoja amemwiga mwenzake. Nasema sikio lililolelewa na kimoja linaingia katika cha pili bila ya kubisha hodi. Hata kanuni inayowasumbua wanafunzi wa Kihispania haitusumbui. Kwao mshororo ukiishia kwa neno lenye mkazo mwishoni huongezewa mizani moja, na ukiishia kwa neno lenye mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho hupunguzwa moja. Kipimo cha kawaida ni neno lenye mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Na Kiswahili, ukiacha maneno machache yenye asili ya Kiarabu, kina neno gani lisilo la namna hiyo?

Haya yasingetoka nje ya baraza yangu lau si binti mmoja wa mtaani kwetu. Shahada ya kwanza aliichukua bara, katika Kifaransa. Kihispania alianza kwangu na kwa daktari, kisha akatupita wote wawili. Akapata nafasi ya kusomea uzamili wa fasihi ya Kihispania huko huko Hispania, mwaka mmoja wenye tasnifu mwishoni mwake. Mama yake akaja kuniuliza, «Mwalimu, hayo mashairi ya watu yatamlisha mwanangu?» Lilikuwa swali la haki, na jibu la kumtuliza sikuwa nalo. Nilimwambia mtoto anakipenda anachokwenda kusoma, naye akanitazama kama mtu aliyeulizia bei akapewa rangi.

Masomo ya daraja hiyo si kusoma riwaya na kutoa maoni. Walimfundisha jinsi Kilatini kilivyomomonyoka kikawa Kihispania, sauti kwa sauti. Walimfundisha kusoma hati za mkono za karne ya kumi na tano, na kulinganisha nakala za utungo mmoja kwa makosa yake, maana nakala zinazoshirikiana kosa zimetoka kwa mama mmoja. Laiti tungekuwa na vijana ishirini wenye ujuzi huo kwa ajili ya hati zetu za tenzi!

Msimamizi wa kwanza aliyepangiwa alimshauri aandike juu ya sura ya Afrika katika habari za wasafiri wa Kihispania. Ni mada nzuri, yuko wa kuiandika. Binti alitaka kuandika juu ya kipimo cha romance. Akaambiwa, kwa adabu, kwamba hiyo ni kazi ya watu waliozaliwa ndani ya lugha ile. Usiku ule alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufunga sanduku. Hilo ndilo lililoniuma. Mgeni akienda kusoma fasihi ya Ulaya hutarajiwa kuileta nchi yake kama mada. Kuleta sikio lake kama chombo cha kazi, hakuna aliyemwambia kwamba inaruhusiwa.

Kilichomwokoa kilitoka chuoni, nina maana chuo cha Kurani. Katika Andalusia ya Waislamu palikuwa na tungo ziitwazo muwashahi, za Kiarabu na za Kiebrania, na baadhi yake huishia kwa mistari michache ya lugha ya Kilatini-mama iliyosemwa na watu wa kule, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu au za Kiebrania. Samuel Stern alipozitangaza mwaka 1948, wataalamu walishtuka, kwa kuwa zilikuwa miongoni mwa mashairi ya kale kabisa ya lugha zile. Tabu yake ni kwamba herufi zile hazionyeshi irabu vilivyo, na mabingwa wanagombana mpaka leo juu ya maneno yenyewe. Darasani wanafunzi walipewa mfano mmoja wa herufi za Kiarabu. Binti yetu, aliyekwisha kumsomea bibi yake tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo hizo, alifanya kama tunavyofanya sisi: alikwenda na mizani. Silabi zikizidi, usomaji huu haufai. Zikipungua, tafuta irabu iliyofichwa. Mwalimu wa somo lile, mama wa makamo, alimwuliza amejifunzia wapi. Mwezi uliofuata ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Mama huyo aliomba kitu kimoja: maandishi. Mzee wa Unguja asiye na shahada hawezi kuwa tanbihi. Nikamwelekeza binti kwa Amri Abedi na Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954, kilichokwisha kusema kwa Kiswahili sanifu mshororo ni nini na unapimwaje. Nilimkumbusha vilevile juu ya María Goyri, mke wa Menéndez Pidal, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Hispania kupata shahada ya fasihi, mwaka 1896. Mwaka 1900 wawili hao walikuwa katika safari ya fungate yao, na huko Osma wakamsikia mwanamke, dobi, akiimba romance juu ya kifo cha mwana wa mfalme kilichotokea mwaka 1497. Miaka mia nne imepita na wimbo ungali kinywani mwa mfua nguo. Kazi kubwa ya kukusanya romance iliyofanywa na nyumba ile ilipata moto wake siku hiyo, naye dobi hakuwa na shahada.

Tasnifu imekwisha na imepita. Mwandishi wake sasa anafundisha Kihispania kwa saa, hapa na pale, na mama yake hajaacha kuniuliza.

Mimi nimebaki na deni la kutafsiri. Aliniachia romance ya Count Arnaldos, iliyopigwa chapa Antwerp katikati ya karne ya kumi na sita, mishororo isiyofika ishirini. Mtu amesimama pwani na kipanga mkononi. Anakuja merikebu wenye matanga ya hariri, na baharia wake anaimba wimbo unaotuliza bahari, unaoshusha upepo, unaowapandisha samaki juu na kuwatuza ndege mlingotini. Mtu wa pwani anaomba afundishwe, na baharia anamkatalia: wimbo huo ni wa mwenye kupanda chombo. Basi, unakatika hapo. Mayahudi wa Kihispania waliohamia Morocco waliuhifadhi ukiwa mrefu zaidi, na kisa kikiendelea hadi mwisho wake, lakini binti amenikataza nisiufuate. Anasema aliyeukata alijua anachofanya, nami nakubaliana naye.

Shida yangu ni kina. Romance huridhika na irabu peke yake, hapa irabu moja toka mwanzo hadi mwisho, nayo ina mkazo, kwa hiyo nusu ya mwisho ina silabi saba tu mdomoni na ya nane ni kimya. Wazee wetu hawatakubali kina cha irabu tupu; watasema nimechoka. Nimechagua kumpa silabi kamili, moja, iandame shairi zima kama ile ya mwisho wa beti za utenzi, ambayo wajuzi huiita bahari. Kimya kile kimepotea, na sijaona pa kukirudisha. Imebaki mishororo minne. Ule wa ndege mlingotini una mizani 17, na neno la kupunguza sijalipata.