Binti alikuwa na miaka mingapi kesi ikiendelea?

Mzazi anayefungua hukumu ya Mahakama ya Rufaa kwenye simu kwa mara ya kwanza huchoka kabla ya kufika ukurasa wa tano. Hukumu haisimulii mambo kwa mpangilio yalivyotokea. Inaanza na namba ya rufaa, inarudi kwenye kesi ya chini, inaruka hadi sheria ya zamani, kisha inaingia kwenye hoja za mawakili. Na nyingi ziko kwa Kiingereza.

Lakini tarehe haina Kiingereza. Mwenye daftari, rula na kalamu mbili za rangi anaweza kuzichomoa tarehe hizo na kuzipanga juu ya mstari mmoja. Mfano unaomhusu kila mwenye binti ni kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuhusu umri wa kuolewa. Hukumu yake inasomwa bure kwenye mtandao wa TanzLII.

Karatasi ilazwe. Nusu sentimita iwe mwaka mmoja. Alama ya kwanza ni 1971, Sheria ya Ndoa: mvulana aoe akiwa na miaka 18, msichana anaweza kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama inaweza kuruhusu hata miaka 14. Kisha mstari unabaki mtupu kwa muda mrefu. Mwaka 2007 Tanzania inaridhia Itifaki ya Maputo, inayotaka umri uwe 18. Mwaka 2009 inakuja Sheria ya Mtoto, inayosema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Hapo mkono wa mchoraji husita wenyewe: kuanzia 2009, sheria moja inamwita mtoto, nyingine inaruhusu aolewe, na zote zinatumika.

Kesi yenyewe, 2016 hadi 2019, inabanana kwenye sentimita mbili tu. Ichorwe upya chini yake, safari hii nusu sentimita iwe mwezi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu inasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na inatoa mwaka mmoja virekebishwe. Julai 2017 mwaka huo unaisha, rufaa ya Serikali ikiwa bado haijaamuliwa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufaa inaitupa rufaa hiyo.

Sasa kalamu ya rangi ya pili. Chini ya mstari huo uandikwe umri wa binti mmoja wa kufikirika, aliyetimiza miaka 15 siku ya hukumu ya kwanza. Julai 2017 ana miaka 16. Siku ya hukumu ya rufaa ameshatimiza 18, na kesi haiwezi tena kumsaidia. Ukisoma kurasa za hukumu pekee, jambo hili hulioni kirahisi. Kwenye mchoro liko mbele ya macho.

Miaka hiyo mitatu ina uzito hospitalini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Mwili ambao haujamaliza kukua uko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, na nyonga ikiwa bado ndogo uchungu unaweza kukwama na kuacha fistula.

Kuna alama moja zaidi, na wengi huiruka kwa sababu haimo kwenye Sheria ya Ndoa. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Hii ni kinga kali, ila ni ya mwanafunzi. Binti wa jirani aliyeishia darasa la saba, umri uleule, alibaki mikononi mwa sheria ya 1971. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa "siku hizi ni marufuku" ana haki ya kuuliza: kwa sheria ipi, na kuanzia lini?

Mchoro huohuo unamfaa mama anayedai matunzo ya mtoto. Faili lake huwa bahasha ya kaki iliyojaa wito, stakabadhi, kadi ya kliniki na risiti za dawa. Juu ya mstari aweke siku alizokwenda mahakamani, na kila moja aiandike ilivyokuwa: kutajwa, kusikilizwa, au kuahirishwa. Ni vitu tofauti. Kesi inaweza kutajwa mara nne bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Chini ya mstari aweke gharama za mtoto kwa tarehe zake: ada, sare, siku aliyolazwa. Akiulizwa kizimbani baba aliacha kutuma fedha lini, hatapekua bahasha huku hakimu akimsubiri. Na karatasi hiyo aipige picha, kwa sababu bahasha hulowa mvua.