Safari ya Sitalike ilivyonifundisha kuyalinda masikio ya familia

Mpanda. Ukitaka kuwaona viboko wa Mto Katuma na huna gari, wenyeji wa Mpanda watakushauri upande bodaboda mpaka Sitalike. Ni kama kilomita 35 kusini mwa mji, njia ni lami, na kijiji kiko mlangoni kabisa mwa Hifadhi ya Taifa Katavi. Kiangazi, maji yanapopungua, viboko hujazana kwenye madimbwi mpaka wanalaliana migongo.

Nilikuwa mkoani Katavi kwa kazi nyingine ya habari za afya, na Jumamosi ile sikuwa na ratiba. Dereva alinichukua karibu na soko la Buzogwe. Alinipa kofia ngumu ya abiria, ile ya uso wazi, isiyo na kioo, inayocheza kichwani hata ukifunga mkanda. Yake ilikuwa ya kufunika kichwa chote, ila kioo kilishavunjika siku nyingi.

Tukiwa mjini tuliongea vizuri. Alinionyesha reli inayotoka Kaliua, akanieleza bei ya mahindi. Tulipoziacha nyumba za mwisho akakoleza mwendo, mshale ukafika 80. Upepo ukaingia chini ya kofia yangu na kuanza kuvuma kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa, bila kupumzika. Nilimuuliza kitu mara tatu. Mara zote alijibu swali ambalo sikuuliza.

Hatukumaliza nusu saa tukawa Sitalike. Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa anauza karanga kando ya barabara. Niliuona mdomo wake ukisema “marahaba”, lakini sauti ilinifikia kama inatoka ndani ya mtungi. Masikio yalikuwa yanalia “nziii”. Ikabidi mama wa watu arudie bei mara mbili, na nikaona ameanza kunishangaa.

Pale mtoni ndipo niliposikitika. Nilikuwa nimesafiri ili niwasikie viboko wakikoroma, na ninawaona wamefungua midomo huku mlio wao ukinijia hafifu, kama umefunikwa blanketi. Ilichukua muda, nimekaa kivulini, ndipo nikaanza kusikia ndege, kisha viboko, kisha watoto waliokuwa wanacheza nyuma yangu.

“Hiyo kawaida, dada,” dereva aliniambia. “Wewe yametulia. Yangu hayatulii tena, hata usiku.”

Nikamuuliza yameanza lini. Ana miaka tisa kwenye kazi hii. Leo Sitalike, kesho Karema ziwani, msimu wa mavuno Majimoto. Mwanzoni masikio yalikuwa yanalia jioni tu, asubuhi kimya. Sasa yanalia muda wote. Nyumbani televisheni anaiweka sauti mpaka majirani wanalalamika. Mama watoto wake alidhani anadharauliwa, maana anaita na mume hageuki.

“Binti yangu yuko darasa la pili,” alisema. “Yeye ameshazoea. Akitaka kuniambia kitu ananigusa mkono kwanza, halafu ndiyo anaongea.”

Alilisema kama jambo la kuchekesha. Sikucheka.

Upepo, si injini

Watu wengi tunadhani kelele ya pikipiki ni ya injini na eksozi. Eksozi iliyotobolewa ni kero kweli, na inaumiza masikio. Lakini pikipiki ikishakimbia, kinachopiga sikio zaidi ya vyote ni upepo. Hewa inajigonga kwenye kofia, inazunguka shingoni na kidevuni, na msukosuko huo ndio unaogeuka mvumo ndani ya kofia. Ndiyo maana kofia nzuri ya kukinga kichwa haitoshi kukinga masikio.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wataalamu wa afya kazini huchukua 85 kwa saa nane kwa siku kuwa mpaka. Juu ya hapo, kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja.

Vipimo vilivyofanywa Uingereza miaka ya 1990 ndani ya kofia za waendesha pikipiki vilionyesha karibu desibeli 90 kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na kelele ikazidi kupanda kadiri mwendo ulivyoongezeka. Kwa hiyo abiria wa siku moja kama mimi hupata mlio unaopita. Dereva anayeshinda barabarani kutwa nzima, wiki nzima, kwa miaka tisa, anamaliza kiasi chake cha siku kabla ya saa nne asubuhi.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha. Zikipumzishwa mapema, nyingi hurudi kazini. Zikipigwa kila siku hufa, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, na kelele ni kati ya visababishi vinavyozuilika.

Unachoweza kufanya

La kwanza halina gharama: punguza mwendo. Kushuka kutoka 80 hadi 50 kunapunguza mvumo kwa kiasi kikubwa, na kunaokoa maisha pia.

La pili ni kofia inayokubana vizuri bila kuumiza, mkanda umefungwa na kioo kimeshushwa. Ikichezacheza kichwani, upepo unapata njia.

La tatu madereva wa Katavi tayari wanalo. Wengi hujifunga skafu shingoni kuzuia vumbi na mbung'o wa porini. Skafu hiyo hiyo ukiipandisha ikaziba nafasi iliyo kati ya kofia na shingo, inapunguza upepo unaoingia kwa chini.

La nne ni vizibo vya masikio vya sponji. Viulizie kwenye maduka ya dawa au ya vifaa vya usalama kazini. Nawa mikono, kiviringishe kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa nusu dakika mpaka kivimbe. Kikichafuka, tupa. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Anayetokwa usaha au aliyetoboka ngoma ya sikio asizibe kitu kabla ya kumwona daktari.

Dereva wangu alikuwa na hofu ambayo wengi wanayo: “Nikiziba, honi ya lori nitaisikiaje?” Kizibo hakizimi sauti, kinaipunguza. Ukiwa kwenye mwendo wa kasi, kinachoifunika honi ni upepo wenyewe. Upepo ukipungua, honi husikika vizuri zaidi. Mjini kwenye mwendo mdogo unaweza kuvitoa.

Vizibo si spika za masikioni. Anayeweka muziki ili kuushinda upepo anaongeza kelele juu ya kelele.

Na mtoto je?

Mzazi, tuseme ukweli. Wengi tunawapeleka watoto shule kwa bodaboda, na wengine huwekwa mbele juu ya tangi, bila kofia. Hapo mtoto ndiye anayeupokea upepo wa kwanza, na kwenye ajali ndiye wa kwanza kuumia. Asikae mbele. Awe na kofia ya kipimo chake, na mwambie dereva aende polepole hata kama mmechelewa. Mtoto mdogo usimpe vizibo vya sponji, anaweza kuvimeza au kupaliwa.

Dalili za kuangalia ni hizi: anageuza upande mmoja akiitwa, anasema “eeh?” kila mara, anaongeza sauti ya televisheni, au mwalimu anasema ni mkaidi na hafuati maelekezo. Kwa watoto, chanzo mara nyingi ni maambukizi ya sikio au nta, na hivyo vinatibika. Usimchape kabla hajapimwa.

Kwa mtu mzima, mlio usioisha baada ya siku moja unahitaji kupimwa. Na usikivu ukipotea ghafla, hasa sikio moja, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa husaidia zaidi zikianza mapema.

Kurudi Mpanda tulitumia zaidi ya dakika arobaini. Nilijifunga mtandio shingoni, naye alikubali tusizidi 50. Njiani nilimsikia akinionyesha miombo iliyoanza kutoa majani mekundu. Tulipofika nilimpa jozi mbili za vizibo nilizokuwa nazo kwenye begi la kazi.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Anavivaa akienda safari ndefu, na amekwenda kupimwa. Ameambiwa alichopoteza hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Mlio bado upo, na binti bado anamgusa mkono kwanza. Lakini mama watoto sasa anajua hakuwa anadharauliwa.

Kama nyumbani kwako kuna anayeendesha pikipiki, jioni ya leo simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya kawaida, usimguse. Asipogeuka, usikasirike. Mpeleke akapimwe.