Baa Kongwe na Kilabu cha Mama

Nilipokuwa kidato cha nne tulipewa insha kuhusu kazi ya mzazi. Mama yangu aliuza ulanzi kilabuni, kijijini kwetu Iringa, na fedha hiyo ndiyo iliyonilipia ada. Mimi niliandika kwamba anauza vitenge. Mama alilisoma daftari lile, akalifunga, asiseme neno.

Niliona aibu. Mahali pa pombe pana nini cha kuandikwa?

Jibu nililipata chuo kikuu, nikisoma historia ya biashara ya sufu Uingereza. Nilikutana na habari za baa iitwayo George Inn, katika kijiji cha Norton St Philip, Somerset. Ilijengwa katika karne ya 14 na watawa wa Hinton. Wafanyabiashara waliofika kwenye gulio la sufu walipata humo chakula, malazi na mahali pa kuweka mizigo. Kwa hiyo baa hiyo ilianza ikiwa ghala na nyumba ya wageni kwa pamoja.

Ukiitazama, historia unaisoma ukutani. Chini ni mawe. Juu ni boriti za mbao, na ghorofa zimejitokeza kuelekea barabarani. Mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akizifunga nyumba za watawa, ile ya Hinton nayo ilifungwa. Watawa wakaondoka, baa ikabaki. Mwaka 1668 Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini anayejulikana kwa shajara yake, alikula hapo akiwa safarini. Mwaka 1685 Duke wa Monmouth, aliyemwasi baba yake mdogo, Mfalme James II, alifikia humo, na mapigano yakatokea kijijini. Muda mfupi baadaye alishindwa vitani, akakatwa kichwa. Mfanyabiashara, mwandishi na mwasi, wote waliingia mlango mmoja. Leo jengo hilo linalindwa kisheria, katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria.

Sikuandikii haya ili unywe pombe. Nakuandikia kwa sababu baada ya kusoma habari hizo nilikikumbuka kilabu cha mama. Kwenye mabenchi yale wazee walisuluhisha ugomvi wa mipaka, posa zilizungumzwa, bei ya mahindi ilijulikana. Insha nzuri nilikuwa nayo nyumbani, nikaiacha nikaandika uongo.

Basi ukiulizwa kueleza mahali, usiishie kusema ni pazuri na pa kale. Eleza pamejengwa kwa nini, nani walipita hapo, walifuata nini na nini kimebaki. Na kama mahali hapo ni kwenu, paandike jinsi palivyo. Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Wewe bado una muda.