Sauti ya Muuza Vyungu

Kwa miaka mingi nilisomesha wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, na kila mwaka wanafunzi walirudi kwenye swali moja: mtu asiyepata shule alifikaje pale?

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, nyumba ya wakulima na wafinyanzi. Alipokuwa binti alijitwika vyungu akavipeleka mjini, akivinadi kwa sauti njia nzima. Naona hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Sauti isiyomsimamisha mpita njia haiuzi chungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, wanamuziki wakamfunza na kumtia katika kundi lao. Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, ingawa taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Katika wimbo wa "Kijiti" walisimulia mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyetoroka. Wanyonge wakasikia habari zao kwa lugha yao.

Juzi mwanangu aliniomba nimkanye binti yake, anayetaka kutunga na kuimba badala ya kwenda chuo cha ualimu. Sikumkanya. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba Siti hakuanzia kwenye santuri, alianzia chini ya mzigo. Na kabla hajaniuliza kama ana kipaji, nilimuuliza mimi: "Mjukuu wangu, wewe umejitwika nini, na unamwimbia nani?"

Bado anafikiri. Baba yake amenuna, nami namwacha anune.