Gari Adimu ni Lile la Kazi

Anayetaka kuona magari ya kale yaliyotunzwa Kenya huelekezwa Nairobi, kwenye mashindano ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi hukagua hata uvungu wa gari. Huku kwetu ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kutoka kivukoni Likoni hadi Shelly Beach, maonyesho yalikuwa barabara yenyewe. Kizazi changu kilijifunza kutambua magari kwenye foleni ya feri: Pijo 404 na 504 zilizojaa abiria, pikapu za Datsun, Land Rover, malori ya Bedford, Volkswagen zenye injini nyuma. Hakuna aliyeyaita ya kale. Siku hizi likipita moja lenye namba ya zamani isiyo na herufi mwishoni, watu hugeuza shingo. Ndiyo maana nashikilia kwamba gari adimu la Pwani si Jaguar ya tajiri, bali gari la kazi, kwa kuwa ndilo lililobeba maisha yetu na ndilo linalotoweka.

Umaarufu wa Pijo ulikuwa na sababu. Katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Gari lililomaliza matope na mawe ya Safari, mnunuzi aliliamini, na 504 ikaendelea kuunganishwa humu nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yalifurika bandarini Kilindini, na kanuni za matatu za mwaka 2004 zikaimarisha nafasi ya Nissan za abiria 14. Zaidi ya hayo, kanuni za nchi haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo kila 504 inayokatwakatwa na kuuzwa kwa kilo imekwenda moja kwa moja, haiagizwi nyingine.

Wapo watakaosema kwamba hewa ya chumvi hula bodi, hivyo kuhifadhi gari ufukweni ni kupoteza pesa. Kutu ni kweli, ila gari lililodumu miongo minne Shelly Beach linathibitisha ustadi wa mafundi wa jua kali kuliko lililokaa penye hewa kavu. Wengine watasema magari hayo yalitoa moshi na hayakuwa salama. Nakubali, na simwombi mtu ayarudishe kubeba abiria. Yatosha kutunza machache ya kila aina. Na anayeona hii ni anasa ya wenye nacho akumbuke kwamba magari haya yalikuwa ya madereva, wavuvi na wachuuzi. Historia yao nayo yastahili kuhifadhiwa kama mizinga ya Fort Jesus.

Kaunti ya Mombasa ina uwanja wa Mama Ngina, unaotazamana na Likoni. Itenge siku moja kwa mwaka kwa magari ya kazi, na mafundi wazee wawe ndio waamuzi. Nawe mwenye gari la Pijo uani, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, lipige picha, tunza hati zake, na umuulize fundi wake aliwezaje kulifikisha hapo.