Picha ya Chozi

Ile picha ya chozi jike mlangoni mwa kiota chake, iliyowekwa kwenye kalenda na kusifiwa na wengi, niliipiga mimi. Kila aliyeniuliza kama mayai yalianguliwa, nilimjibu ndiyo. Nilidanganya.

Kamera yangu ni Nikon FM2 ya filamu, ambayo shata yake huendeshwa na springi na gia bila kuhitaji betri. Katikati ya kitufe cha kupigia pana tundu lenye hesi. Hapo nilifunga mpira mwembamba, mrefu, wenye puto la kuminya mwishoni: ukiminya, hewa inasukuma pini, pini inafyatua shata. Nilikuwa nimesoma habari za George Shiras, Mmarekani aliyetega nyuzi porini Michigan hata wanyama wa usiku wakawa wanajipiga picha wenyewe. National Geographic ilichapisha picha zake 74 Julai 1906. Nami nikajificha nyuma ya ukuta wa jiko, nikaamini kwamba simsumbui ndege.

Lakini wanyama wa Shiras walipita njia zao wakaenda zao. Chozi hakuwa na pa kwenda, na kamera ilikuwa hatua moja kutoka kiotani. Shata ile ina mlio: kioo cha ndani kinaruka, pazia linafyatuka, ta! Akatimka. Na kwa kuwa kamera ile haijivutii filamu, baada ya kila picha nilitoka mafichoni, nikaenda mpaka kwenye mstafeli wenye kiota, nikavuta wenzo, nikarudi. Mpira ulinitenga naye kwa picha moja tu. Kila nyingine ilinipeleka mlangoni pake.

Kwa chozi, jike peke yake ndiye huatamia. Nilimwona akitua tawini, akisita, akiondoka, huku mayai yakipoa, nikaendelea kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Kesho yake hakurudi. Nilipokuja kuchungulia, sisimizi walikuwa wakiingia na kutoka kwa mstari katika kile kifuko cha nyasi na utando wa buibui.

Wanaonunua sasa kamera hizi za zamani na mipira yake, naomba wapime umbali kati ya kamera na kiota, si kati yao na kamera.

Nimewaandikia waliochapa kalenda wasiirudie picha ile, na nimewaeleza kilichoyapata mayai. Walioniuliza siwezi kuwapata wote mmoja mmoja. Ndiyo maana nimeandika hapa.